Desktopu ya steshenari imekuwa nzito, nianze na prosesa au ramu?

Mama Steshenari, Tabora
Wakuu habari za jioni. Nina steshenari hapa Isevya, nachapa, naprinti, naskani, najazia watu fomu za ajira na vyuo, na siku hizi natengeneza kadi za harusi kwa Photoshop. Mashine ni Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, Core i5-3470, ramu GB 4, hadidiski ya GB 500, Windows 10. Zamani ilinitosha kabisa ila sasa nikifungua kurasa tano sita za Chrome halafu na Photoshop basi, kile kiduara kinazunguka tu mteja kasimama kaunta ananitazama, juzi kijana alikuwa anawahi basi la Mwanza na cheti chake hakijamaliza kupanda mtandaoni, kiliniuma sana kwa kweli. Fundi mmoja anasema nunua prosesa ya i7 na ramu kwa mpigo, mwingine anasema uza nunua nyingine. Hela niliyonayo ndiyo hiyohiyo ya mzunguko wa duka. Mtu anajuaje kwamba kilichochoka ni prosesa na siyo ramu?

fundi_mwanga, Kigoma
Pole na kazi dada. Usinunue kitu kwanza. Kesho ikishaanza kukwama vilevile, Chrome ipo wazi na Photoshop ipo wazi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itakuja Task Manager, angalia asilimia za CPU (ndiyo prosesa), Memory (ndiyo ramu, inayoshikilia kazi ulizofungua) na Disk (ndiyo hadidiski). Memory ikipita 90 na Disk inagonga 100 huku CPU ipo 20 au 30, prosesa haina kosa, ramu imejaa kwa hiyo Windows inahamishia mizigo kwenye hadidiski, na hadidiski ni sahani inayozunguka, haiifikii ramu kwa kasi hata siku moja. CPU ikiganda 100 muda mrefu huku Memory ina nafasi, hapo ndo tuongelee prosesa.

Hiyo i7 wanayokwambia nadhani ni i7-3770, inaingia kweli, soketi yako, yaani tundu la prosesa kwenye madabodi (bodi kuu), ni LGA 1155 inapokea prosesa za Intel za kizazi cha 2 na cha 3 tu, ukishaweka hiyo umefika mwisho wa madabodi. Zote zina koo (core, viini vya kufanya kazi) 4 ila i7 inabeba nyuzi 8, yaani kazi 8 kwa mpigo. Anayerenda (anayetengeneza faili la mwisho la) video za harusi ataona tofauti, kwa kadi na fomu hutaiona.

Kaka wa Ujiji
Naunga mkono, na ramu angalia iwe ya aina ya DDR3 ya desktopu. Mimi niliagiza Dar ikaja na basi siku mbili, kufungua ni DDR4, ule mkato wa katikati umekaa sehemu nyingine kabisa haiingii, na kurudisha nauli ni juu yangu. Wapigie picha ya ramu yako ya zamani uwatumie kabla hujalipa.

mwl_kompyuta
Dada mimi hiyo i7 nakuomba uiache kabisa. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa masasisho ya kawaida ya usalama 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel wanaanzia kizazi cha 8, yako ni cha 3. Watu wanakuachia namba za NIDA na vyeti vyao, hilo nalo lifikirie. Weka ramu, toa hadidiski weka SSD (diski ya kasi isiyo na sahani ya kuzunguka), halafu anza kudunduliza mashine ya kizazi cha 8. SSD utahama nayo, prosesa hiyo huhami nayo.

Mama Steshenari, Tabora
Asanteni sana ndugu zangu. Nimeangalia leo mchana: Memory 96, Disk 100, CPU 23. Nimefungua kava, ramu ni kijiti kimoja, nafasi tatu zipo tupu zimejaa vumbi. Nimepiga picha tayari. Naanza na GB 8, SSD mwezi ujao. Kuweka naweza mwenyewe?

fundi_mwanga, Kigoma
Unaweza. Kwanza ingia System uone Windows yako imeandikwa biti 64, ikiwa 32 haitaiona ramu ya zaidi ya GB 4. Vumbi pangusa kwa brashi kavu laini. Chomoa waya wa umeme kabisa siyo kuzima tu, shika bati la kesi, panga mkato, sukuma kwa vidole gumba pande zote mbili mpaka vibanio vilie ta. Isipowaka chomoa rudishia upya. Nipo hewani mpaka saa tano usiku.