Tupeane uzoefu: kijana alipokuwa baba kabla ya wakati wake, familia ilifanya nini siku za kwanza?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, salaam. Nilikuwa baba nikiwa na miaka 17, na mwanangu sasa ana miaka 19, yaani ameshaupita umri niliokuwa nao siku nilipompakata kwa mara ya kwanza. Juzi aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Baba, waliposikia kwamba nitazaliwa, walisema nini?" Nilimjibu kwa mkato, nikabadilisha mazungumzo, kisha usiku ule usingizi ukanipaa.

Mimba za umri mdogo huzungumzwa zaidi kwa upande wa binti, na ni haki, kwa kuwa hatari ya mwilini ni yake peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kufikia mwaka 2019 mabinti wa miaka 15 hadi 19 katika nchi za kipato cha chini na cha kati walikuwa wakipata mimba milioni 21 kila mwaka, na takriban nusu ya mimba hizo hazikukusudiwa. Katika baadhi yake, mhusika wa pili alikuwa mvulana wa umri uleule, ambaye naye bado alikuwa akiomba ruhusa nyumbani ili achelewe kurudi. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumze. Naomba kila mmoja aeleze hasa zile siku za kwanza, maana kwa niliyoyaona, familia huamua mambo mengi katika siku tatu za mwanzo kuliko katika miaka mitatu inayofuata. Majina ya watu na ya mahali tuyaache.

Naanza na yangu. Nilimwambia mama alipokuwa anapiga pasi. Hakupiga kelele. Alimalizia kola ya shati, akazima pasi, akauliza: "Umemwambia nani mwingine?" Nilipomjibu kwamba hakuna, aliketi kitandani, akashika kichwa, na kwa muda mrefu hatukusemezana. Baba alipopata habari, uamuzi wake ulikuwa mmoja tu, kwamba niondoke kesho yake niende kwa mjomba, mbali, mpaka mambo yapoe. Mama, ambaye katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimpinga baba mbele yetu, alisema: "Akiondoka leo, hatarudi akiwa mtu." Nikabaki.

Wazee wa pande mbili walikutana wiki iliyofuata. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi, na yule binti alikuwa chumba cha ndani na mama zake wadogo. Walizungumza kwa saa tatu kuhusu shule, matunzo, aibu, na nani alimlea vibaya nani, bila hata mmoja wetu kuitwa. Walipotoka, bibi yake yule binti alisimama mbele yangu akaniuliza: "Na wewe, mjukuu wangu, unataka nini?" Sikuwa na jibu. Hata hivyo, hilo ndilo swali pekee kuhusu nilichotaka ambalo mtu mzima aliniuliza katika miezi ile tisa, na kila nilipofikiria kukimbia, lilinirudia. Nimekuwa nikijiuliza ingekuwaje kama lingeulizwa mapema, na kwetu sote wawili.

Mama wa Kijana

Mwenzetu umenigusa, na mimi nitasema lililo langu ingawa linaniaibisha. Mwanangu alikuwa na miaka 16 aliponijia, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa: "Una hakika ni wako?" Nililisema kwa sauti, na binti mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kwa kuwa alikuwa amemsindikiza ili wasimame pamoja. Alisikia kila kitu. Mtoto sasa ana miaka 10, ananiita bibi na ananipenda, lakini mama yake hunisalimia kwa adabu tupu, na sina wa kumlaumu.

Marehemu mume wangu alikuwa upande mwingine kabisa. Alisema kitanda hakizai haramu, na kwamba kuuliza ni kumdhalilisha mtoto wa watu. Mimi nikataka kipimo, yeye akakataa hata kusikia neno hilo, tukagombana mwezi mzima juu ya jambo ambalo wala halikuwa na haraka. Baadaye nilielewa kwamba kipimo cha vinasaba hufanyika kwa urahisi mtoto akishazaliwa, kwa kupitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu la mtoto na la baba, na kwamba familia yenye shaka ya kweli inaweza kusubiri hadi wakati huo huku ikiendelea kumpeleka binti kliniki na kumtazama machoni. Sisi tulifanya kinyume: tulimnunia kwanza, kipimo tukakifanya baadaye, na majibu yakaonyesha kwamba mtoto ni wetu.

Babu Asiyetarajia

Mimi ni baba wa binti. Yule kijana nilimfukuza mlangoni kwangu, na nikamwambia kwamba nikimwona tena nitamkabidhi kwa vyombo vya dola, ingawa nilijua wazi kwamba walikuwa na umri mmoja na walipendana kitoto. Kwa karibu miaka miwili hakuingia kwangu. Alikuwa akiacha vifurushi kwa jirani, nami nikimwachia mke wangu avifungue, kwa kuwa sikutaka kuonekana ninavipokea.

Siku moja mke wangu hakuwepo, nikakifungua mwenyewe. Zilikuwa nguo za kichanga, soksi za kuingia kidole gumba changu, wakati mjukuu wangu alikuwa na miezi minane na alikwishaanza kutambaa. Nikaenda kabatini, nikakuta nyingine za namna hiyo, zote mpya, zote ndogo. Kijana alikuwa akimnunulia mtoto aliyemwona mara moja tu, siku alipozaliwa, na katika fikra zake mtoto hakuwa ameongezeka hata kidogo. Ningependa kusema kwamba nilimwita siku ileile. Sikumwita. Nilikaa na kiburi changu mwaka mwingine mzima, na alipoingia ndani hatimaye, mjukuu wangu alimkimbia akalia, kama anavyomlilia mgeni yeyote.

Niliyekuwa na Miaka 16

Nimesoma kwa utulivu, na ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini naomba niwakumbushe jambo kabla huruma haijamwelemea baba kijana peke yake. Aliyenipa mimba alirudi darasani wiki ileile. Mimi nilipoteza miaka miwili ya masomo, na niliporudi nilikaa na watoto waliokuwa rika la mdogo wangu. Wakati yeye akifanya mitihani, mimi nilikuwa nimelazwa kwa shinikizo la damu. Kifafa cha mimba, maambukizi baada ya kujifungua, mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake au akiwa na uzito mdogo, yote haya huwapata zaidi wasichana wa chini ya miaka 20 kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24, na matatizo ya ujauzito na uzazi yamo miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya mabinti wa miaka 15 hadi 19 duniani. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba kichwa kinauma, naona vimulimuli, na miguu imevimba.

Kwetu familia iliitikia kwa kunificha. Nililala chumba cha nyuma, na mgeni akija naambiwa nisitoke. Kwa ajili ya kufichwa huko nilikwenda kliniki mara tatu tu, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 unataka mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane, ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Dada yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 22, ndiye aliyenitoa chumbani kwa nguvu aliponiona uso umevimba. Nisingekuwa na dada, sijui.

Kisha likaja lile la pili, kwamba tuoane upesi ili jina lisafishwe. Yeye alikubali kila alichoambiwa, kwa woga. Mimi ndiye niliyekataa, na nikaitwa mkaidi na pande zote mbili. Leo hii yeye ni baba mzuri kwa mtoto wetu, ana mke wake, nami nina maisha yangu, na tunazungumza kila Jumapili kuhusu shule na meno ya mtoto. Kama tungeoana tukiwa watoto ili kuwaridhisha watu wazima, nina shaka kama hata salamu ingebaki. Kwa hiyo, ndugu mwanzisha mada, swali la bibi ni zuri, lakini nakuuliza: yule binti, chumba cha ndani, aliulizwa na nani?

Mwanzisha mada

Sijui. Nimeishi na swali langu kwa miaka 19 na sikuwahi kumuuliza yeye kama lake liliulizwa. Nitamuuliza.

Mkunga Mstaafu

Nitasema machache. Tunayoyazungumza hapa yanahusu vijana wawili wanaokaribiana umri na waliokubaliana. Iwapo binti alilazimishwa, au mhusika ni mtu mzima, hiyo ni kesi ya jinai, na familia inayokaa kikao kuimaliza kimyakimya inamlinda mkosaji. Vivyo hivyo mvulana mdogo akiwa ametumiwa na mwanamke mzima: yeye naye ametendewa kosa, hata kama wenzake wanamshangilia.

Jambo la pili ni kuhusu mlango wa wodi. Nimewaona vijana wengi wakisimama nje na mfuko wa nguo mkononi, wasijue kama wanaruhusiwa kuingia, na sisi wahudumu tukiwauliza, "Wewe ni kaka yake?" Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 7, unampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kulelewa nao kwa kadiri inavyowezekana, na ibara ya 18 inatambua kwamba wajibu wa malezi ni wa wazazi wote wawili. Hakuna mahali paliposemwa kwamba wajibu huo unaanza baba akifikisha miaka 25. Vilevile, kwa kuwa mkataba huohuo humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, mzazi wa miaka 16 ana haki ya kulelewa wakati yeye mwenyewe analea, na hapa ndipo familia nyingi huchanganyikiwa, zikamfanya ama mtu mzima wa kudaiwa kila kitu, ama mtoto asiyehusishwa na lolote. Mimi nilikuwa nikiwaita ndani, nikawaonyesha jinsi ya kushika shingo ya kichanga. Wengi mikono yao ilitetemeka, lakini walijifunza haraka kuliko akina baba wa miaka 40.

Bado Sijasema

Shikamooni. Nimekuwa nikisoma tangu juzi. Nina miaka 17, mwenzangu ana 17 pia, na ujauzito una wiki 14. Kwao mama yake anajua. Kwetu hakuna anayejua. Baba yangu ni mkali, na mama humwambia baba kila kitu. Nina shangazi mmoja ambaye huwa ananisikiliza. Nimefikiria kuacha shule nitafute kazi ili nisionekane nimekimbia. Naomba ushauri wenu.

Mwanzisha mada

Marahaba, mdogo wangu. Mwambie shangazi, na mwambie leo, kisha muombe akae nawe utakapowaambia wazazi, kwa sababu mtu mkali huwa tofauti kidogo akiwa na dada yake chumbani. Usiwaambie akina mama wa mtaani wala marafiki kabla ya hapo. Habari ikimfikia baba yako kwa njia ya tatu, atahangaika na fedheha kwanza. Shule usiache. Kazi anayoipata mtu asiyemaliza masomo itakulipa kidogo na itakuchukua siku nzima, na mtoto atakuhitaji kwa miaka mingi kuliko itakavyodumu kazi hiyo unayoikimbilia. Usiahidi pesa usizokuwa nazo. Ahidi muda, kisha uutoe.

Niliyekuwa na Miaka 16

Naongeza moja, kwa niaba ya mwenzako. Wiki ya 14 si ya kusubiri. Kama hajaanza kliniki, aanze wiki hii, apimwe shinikizo la damu na wingi wa damu, apewe vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, na wewe uende naye. Ukiulizwa kama wewe ni kaka yake, jibu ukweli. Na kabla ya kikao chochote cha wazee, kaeni ninyi wawili muulizane kila mmoja anataka nini, hata kama jibu litakuwa "sijui".

Babu Asiyetarajia

Mwanangu, baba yake binti akikufukuza, rudi. Ukifukuzwa tena, andika barua.

Bado Sijasema

Nimerudi kuwapa habari. Nilimwambia shangazi siku ileile, na Jumapili alikuja nyumbani akakaa katikati yangu na baba. Mama alilia. Baba aliuliza maswali mawili, binti ni wa nani na ujauzito una muda gani, kisha akatoka nje, na mpaka leo Jumatano hajanisemesha. Hakunifukuza. Jana usiku nilimsikia akimuuliza mama kama yule binti ana afya njema.

Kliniki ni kesho saa mbili asubuhi. Nimeomba ruhusa shuleni, na mwalimu aliponiuliza sababu, nilimweleza.