Tupeane uzoefu: Endometriosisi, uligundulikaje na tiba gani imekusaidia?

Shangazi wa Sinza
Habari za humu ndani. Mada ni ya kina dada zaidi, ila kaka zetu wenye wake na mabinti karibuni, mradi msilete kejeli.

Endometriosisi, au endo, ni pale nyama inayofanana na utando wa ndani ya kizazi inapoota nje ya kizazi. Mimi nimeumwa toka sekondari. Siku zangu zikifika najikunja, natapika, na haja kubwa ni machozi. Nyumbani wakasema chango. Hospitali wakasema PID, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi, na antibayotiki zake mnazijua: doksi, flajili na sindano za makalio. Mwezi ukirudi tuko palepale. Altrasaundi kila nikipiga, "kizazi kiko sawa, hakuna uvimbe". Narudi na karatasi safi na tumbo lilelile.

Aliyenigundua ni daktari wa kina mama aliyeanza na swali ambalo sikuwahi kuulizwa: ukienda chooni siku za hedhi, unaumia wapi? Akanipima kwa ile altrasaundi ya kuingiza ndani ukeni. Alikuwa anasukuma taratibu huku macho kwenye skrini, anatazama kama kizazi na utumbo vinateleza kila kimoja kivyake. Vyangu havikuteleza, vimegandana. Kifaa ni kilekile kilichoko hospitali nyingi, tofauti ni mtu anayejua anatafuta nini.

Akanieleza kwamba mwaka 2022 chama cha wataalamu wa uzazi wa Ulaya, ESHRE, kilibadilisha mwongozo wake. Zamani hukuhesabiwa una endo mpaka upasuliwe kwa matundu waione kwa macho. Sasa daktari anaweza kuanza dawa za homoni kwa dalili zako tu, na upasuaji ubaki kwa ambao picha hazionyeshi kitu au dawa imegoma. Na picha safi haimaanishi huna ugonjwa! Hiyo sentensi ningeipata nikiwa kidato cha tatu ningeshukuru.

WHO wanasema ni kama mwanamke 1 kati ya 10 walio kwenye umri wa kuzaa, takribani milioni 190 duniani. Kwa hiyo humu tupo wengi. Karibuni.

Binti Mvita
Pole mamangu. Huku Kenya wengi tulilijua hili jina kupitia Njambi Koikai, mtangazaji, Mungu amrehemu, aliyetutoka Juni 2024. Yake ilipanda hadi kifuani, pafu likawa linasinyaa, ikabidi apelekwe Atlanta kutibiwa. Kabla ya yeye kusema hadharani, mimi nikimwambia daktari kwamba bega la kulia linaniuma nikiwa hedhini, ananitazama kama nimekuja kucheza. Tena mmoja akaniambia huu ni ugonjwa wa wazungu.

Sista Tumaini
Mimi ni muuguzi, hiyo ya wazungu naijua ilikotoka. Vitabu vya zamani viliandika hivyo na watu wakakariri. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alichapisha matokeo ya wanawake weusi aliowachungulia tumboni kwa laparoskopi, kamera inayopitishwa kwenye tundu dogo: zaidi ya 1 kati ya 5 alikuwa na endo, na baadhi yao walikuwa wameshaandikiwa PID. Miaka karibu hamsini, na bado tunaandika PID. Inaniudhi sana.

Mzee wa Busara
Mpeni mimba, ataacha kuumwa.

Sista Tumaini
Mzee, mimba si tiba. Kuna wanaopata nafuu wakiwa wajawazito, hedhi ikirudi na maumivu yanarudi. Na wengine ni huo ugonjwa ndio unawanyima hiyo mimba.

Mmakonde Ughaibuni
Niko Uingereza. Baada ya kupasuliwa niliombwa kuingia kwenye utafiti unaoitwa PRE-EMPT. Kompyuta ndiyo iliyopiga kura: kundi moja vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango, jingine sindano ya Depo au kitanzi chenye homoni. Mimi nikaangukia la pili, nikachagua sindano. Baadaye unaletewa karatasi ndefu ya maswali: wiki nne zilizopita, maumivu yalikuzuia kukaa? Kusimama? Kutembea? Nilicheka, maana nilikuwa najaza nimelala.

Majibu yalitoka 2024. Tulikuwa wanawake 405. Baada ya miaka mitatu makundi yote mawili maumivu yalikuwa yamepungua kwa kama asilimia 40, hakuna lililomshinda mwenzake. Ila sisi wa sindano na kitanzi tulirudishwa kupasuliwa au kubadilishiwa tiba kwa uchache zaidi. Sindano ilinichafua damu ya matone miezi ya mwanzo, na mwili uliongezeka. Lakini kazini siku hizi naenda.

Baba Pacha
Kumbe sindano ni hii hii ya kliniki ya mama na mtoto? Mke wangu tuliambiwa dawa yake ni ya vidonge vya homoni vya kila siku, dienogest, bei yake kwa mwezi ikanifanya nikae chini. Bima ikakataa.

Sista Tumaini
Ndiyo hiyo hiyo, Baba Pacha. Lakini isianzwe kwa kusoma humu, aende kwa daktari. Kama mnatafuta mtoto karibuni haiwafai: hizi homoni zinatuliza maumivu, hazisaidii kushika mimba, na Depo hata ukiiacha mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa.

Binti Mvita
Na kile kipimo cha mate nilichokisikia?

Mmakonde Ughaibuni
Cha Wafaransa. Wanasoma aina 109 za mikroRNA, vijipande vidogo sana vinavyoongoza kazi za jeni, kwenye mate. Matokeo ni mazuri mno kwenye karatasi, ila waliopimwa walikuwa tayari wanashukiwa sana kuwa na ugonjwa. Mimi bado sijashawishika.

Kidoti
Je, ile ya Japani ya bakteria?

Sista Tumaini
Chuo Kikuu cha Nagoya, 2023. Walikuta bakteria aina ya Fusobacterium kwenye vizazi vya wagonjwa kama 64 kati ya 100, na kwa wasio wagonjwa chini ya 10. Wakawapa antibayotiki panya walioambukizwa, vidonda vikapungua. Moja ya dawa hizo ni metronidazo, yaani flajili.

Shangazi wa Sinza
Flajili! Mimi nilizokula zingetosha kutibu panya wote wa Kariakoo.

Sista Tumaini
Ndiyo maana nasema ni panya, dada. Subirini matokeo ya wanawake kabla hamjakimbilia duka la dawa. Baba Pacha, njoo faragha uniambie mpo mkoa gani.