Naomba ushauri: plasta ya saruji kwenye nyumba ya zamani ya mawe, niibandue?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo, naombeni msaada maana hapa nimekwama kabisa.

Mimi na mume wangu tuko Bath, Uingereza, tumenunua fleti ya chini kwenye nyumba ya miaka ya 1790, zile za enzi za wafalme walioitwa George, zimeshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, mawe rangi ya asali, madirisha ya mbao ya kupandisha na kushusha yenye vioo vidogovidogo. Jamani ni nzuri, nikikaa sebuleni moyo unatulia. Shida ni chumba cha chini, nusu kimezama ardhini, zamani ndo lilikuwa jiko la watumishi. Fundi alitupigia plasta ya saruji akasema unyevu utaisha, miezi minne tu rangi ikaanza kubanduka na unyevu umepanda hadi juu ya pale saruji ilipoishia. Tumeweka mashine ya kukausha hewa, tumepaka rangi ya kuzuia maji, wapi. Nimekuja kusoma kwamba kuta hizi zilijengwa kwa chokaa ili zipumue, saruji inafungia maji ndani ya jiwe. Na nyumba inalindwa kisheria, hugusi kitu hovyo bila kibali cha halmashauri.

Waliofanya kazi Mji Mkongwe au Lamu chokaa mnaijua. Nikibandua saruji, ukuta ukauke muda gani kabla ya kupiga chokaa? Na jiwe lililoanza kumomonyoka linaokoleka au libadilishwe?

Picha ntaweka mkihitaji.