Vidonge vya mzio vimeacha kunilaza: je, nitumie dawa ya usingizi niliyopewa na shemeji?

Mkeshaji

Wanajukwaa, salaam. Nina umri wa miaka 47, na ukiondoa shinikizo la damu nililogunduliwa nalo mwaka jana, sina ugonjwa mwingine ninaoujua. Kwa miezi minane sasa sijapata hata usiku mmoja wa kulala sawasawa. Hupanda kitandani saa tatu kamili ili niufidie usingizi ninaodaiwa, nikajigeuzageuza hadi saa saba au saa nane, kisha nikasinzia kidogo na kuzinduka saa kumi alfajiri. Huko kitandani hubaki hadi saa kumi na mbili nikisubiri usingizi ambao haurudi. Mchana ndipo unaponijia bila kualikwa: juzi nilisinzia nikiwa na kalamu mkononi, na nilipozinduka nikakuta nimechora mstari mrefu kutoka katikati ya karatasi hadi ukingoni.

Mwanzoni nilisaidiwa na vidonge vya mzio, vile vinavyoleta usingizi. Nilianza na kimoja, nikafika viwili, na sasa hata vitatu havinilazi, ila kinywa hukauka na kichwa hubaki kizito hadi adhuhuri. Shemeji yangu, kwa nia njema kabisa, amenipa vidonge kumi vya zolpidemu, dawa ya usingizi, vya miligramu 10 vilivyobaki katika matibabu yake. Bado viko kwenye droo. Naomba kujua kama kuna hatari kuvitumia kwa siku chache tu ili mwili upumzike, na kama lipo jambo jingine la kufanya, kwa maana mashauri ya kuzima simu na kuoga maji ya vuguvugu nimeyatekeleza yote bila faida. Naomba kuwasilisha.

Mfamasia wa Zamani

Pole sana, mleta mada. Nimesimama nyuma ya dirisha la dawa kwa miaka 22, na vidonge vya kurithishana kama hivyo vya shemeji nimevikuta mara nyingi mno.

Nianze na vidonge vya mzio. Hivyo huleta usingizi kwa kuizuia histamini, ambayo ni moja ya kemikali zinazouweka ubongo macho, lakini ubongo huizoea hali hiyo upesi, aghalabu ndani ya siku chache, na kinachobaki ni madhara: kinywa kikavu, choo kigumu, mkojo kutoka kwa shida hasa kwa mwanamume ambaye tezi dume yake imetanuka, na kwa wazee kuchanganyikiwa na kuanguka. Kwa hiyo usishangae kwamba umefika vitatu. Dozi imepanda, usingizi haukupanda nayo.

Zolpidemu ni dawa halali, na kwa mtu aliyechunguzwa na daktari inaweza kumvusha katika siku chache ngumu. Hata hivyo, mwaka 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza dozi ya wanawake ya kidonge cha kawaida ishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, na kwa wanaume ikashauri madaktari waifikirie hiyo ndogo pia, kwa sababu baadhi ya watumiaji waliamka wakiwa na dawa nyingi katika damu kiasi cha kutokuwa salama kuendesha gari. Mwaka 2019 mamlaka hiyo hiyo ikaongeza onyo lake zito kuliko yote, kwa vile walikuwapo watu waliotembea, waliopika na hata walioendesha gari wakiwa usingizini, na baadhi yao walikufa. Mengine kati ya matukio hayo yalitokea baada ya dozi ya kwanza, kwa hiyo hoja ya "siku chache tu" haikukingi. Shemeji yako aliandikiwa dawa ile na mtu aliyemwona yeye, wala hakukuona wewe.

Kabla sijaendelea, naomba unijibu maswali matatu. Je, unakunywa pombe jioni? Je, kuna dawa nyingine unazotumia, hasa za maumivu makali? Na je, unakoroma? Hili la mwisho muulize anayelala nawe, kwa kuwa wewe mwenyewe huwezi kulijua.

Bi Alfajiri

Kaka Mkeshaji, mimi si mtaalamu, ila nimekesha miaka miwili na ninaijua dari ya chumba changu kuliko ninavyoujua uso wangu. Kosa ninaloliona katika maelezo yako ni lile la saa tatu. Unakaa kitandani saa 9 ili upate saa 2 au 3 za usingizi, na zile zinazobaki unazitumia kuufundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kukesha.

Kilichoniponya ni kinyume cha kile nilichokuwa nikikifanya, nacho ni kupunguza muda wa kitandani. Njia hiyo ilibuniwa na mtafiti wa usingizi Arthur Spielman na wenzake katika miaka ya 1980, nami nilielekezwa na mshauri wa masuala ya usingizi. Kwa wiki mbili niliandika daftarini saa ya kulala na saa ya kuamka, ikaonekana kwamba katika saa 9 nilizokuwa kitandani nililala wastani wa saa 5 na nusu. Basi nikaambiwa nipande kitandani saa sita usiku na niondoke saa kumi na moja na nusu alfajiri, hata kama sikulala kabisa, na mchana nisijinyooshe popote. Nikipitisha kama dakika 20 bila usingizi niliamka na kukaa kwenye kiti chenye mwanga hafifu hadi usingizi urudi. Saa ya ukutani niliigeuza, maana kuhesabu dakika zilizobaki ni kazi ya kumwamsha hata aliyelala.

Sitakuficha, wiki ya kwanza ilikuwa adhabu. Ilipofika saa tano usiku nilikuwa nimesimama nikikunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa, nikizikunjua na kuzikunja tena, kwa kuogopa kwamba nikikaa tu nitalala. Katika wiki ya tatu, hata hivyo, nilianza kulala mara tu kichwa kinapogusa mto. Kila usingizi ulipojaza asilimia 85 au zaidi ya muda niliokuwa kitandani niliongezewa dakika 15, na leo ninalala saa 7 bila kidonge. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze na tiba ya namna hii, ya kurekebisha mienendo na fikra, kabla ya dawa. Wanaosema tatizo ni sugu humaanisha angalau siku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, na wewe umeshaupita mpaka huo.

Tahadhari moja: mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, au anayeendesha vyombo vya moto asijaribu jambo hili bila msimamizi, kwa kuwa usingizi wa mchana huongezeka kwanza kabla ya kupungua.

Tulizana

Mbona mnamtisha mwenzetu? Atumie melatonini, ambayo ni homoni ya mwili wenyewe, haina madhara yoyote na huuzwa kama kirutubisho.

Mfamasia wa Zamani

Ndugu Tulizana, kuwa kitu cha mwili hakukifanyi kuwa salama kwa kila kipimo. Insulini nayo ni ya mwili wenyewe. Melatonini huuambia mwili kwamba usiku umeingia, kwa hiyo humfaa zaidi mtu ambaye saa ya mwili wake imesogea, kama msafiri aliyevuka kanda kadhaa za saa, kuliko anayezinduka alfajiri. Ni kweli kwamba madhara yake kwa matumizi mafupi ni madogo yakilinganishwa na ya dawa nyingine tulizozitaja. Shida iko kwenye hilo neno kirutubisho, kwa sababu mahali inapouzwa hivyo haikaguliwi kama dawa. Watafiti wa Kanada waliopima bidhaa 31 mwaka 2017 walikuta moja ina melatonini pungufu kwa asilimia 83 ya ilivyoandikwa kwenye kibandiko, na nyingine imezidi kwa asilimia 478. Mtu anayetumia kidonge kama hicho hajui anatumia nini.

Mzee wa Daftari

Naongeza neno juu ya dawa ambayo haijatajwa, maana zolpidemu inapokosekana wengi huikimbilia hiyo. Miaka kadhaa iliyopita niliandikiwa diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi inayoleta usingizi, kwa wiki mbili, nikaitumia miezi kumi na minne, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza nami sikusema. Siku moja nikasoma habari za uraibu, nikaona haya, nikakitupa kibweta kizima chooni. Kwa siku mbili sikuona kitu, kwa sababu dawa hiyo hukawia sana kutoka mwilini, na nikadhani nimeshinda. Baadaye mikono ilianza kutetemeka hadi kikombe kikagonga meno, moyo ukaenda mbio, na usiku nikakaa macho kabisa. Daktari aliyenipokea aliniambia kwamba nilibahatika kutopata degedege, akanirudishia dozi ile ile, kisha akaipunguza kidogo kidogo kwa miezi mitano.

Kwa hiyo anayesoma hapa na anatumia dawa za jamii hiyo kila siku asiziache ghafla kwa sababu ya mjadala huu. Mleta mada, vidonge vyako vya mzio ni habari nyingine, ila hata hivyo punguza kwa hatua, maana usiku wa kwanza bila kitu chochote unaweza kukudanganya kwamba huwezi kulala bila dawa.

Mkeshaji

Nawashukuru nyote. Pombe situmii, na dawa pekee ninayomeza kila siku ni ya shinikizo la damu. Swali la kukoroma nilitaka kulijibu mwenyewe kwamba sikoromi, ila nikaona nimuulize mke wangu kama nilivyoelekezwa. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Ameniambia kwamba ninakoroma kwa nguvu, halafu ninanyamaza kimya kabisa, naye hujikuta anahesabu akingoja; kuna usiku alifika 20 kabla sijashtuka kama mtu anayeibuka majini. Hakuniambia kwa sababu alidhani ni uchovu, na alihofia kunikwaza.

Mfamasia wa Zamani

Asante kwa kuuliza, na mpe mkeo pongezi zake. Maelezo hayo, pamoja na shinikizo la damu na kusinzia mchana, yanafanana sana na tatizo la pumzi kukatika usingizini, ambapo misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, na ubongo hulazimika kukuamsha ili upumue, mara nyingine bila wewe kujua. Kila pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa, na anayepata zaidi ya mara 30 kwa saa huwekwa katika kundi la hali kali. Dawa za usingizi zinaweza kumlegeza zaidi mtu wa aina hiyo na kumchelewesha kuamka, ndiyo sababu nilitanguliza swali lile.

Hapa hakuna anayeweza kukupima. Mweleze daktari maneno ya mke wako kama alivyoyasema, pamoja na idadi aliyoihesabu, na uombe kipimo cha usingizi. Ikithibitika, ipo mashine inayopuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Hadi hapo usiendeshe gari ukiwa na usingizi, lala kwa ubavu badala ya chali, na vidonge vya droo uvirudishe famasi, usimrudishie shemeji.

Bi Alfajiri

Basi ratiba yangu ya saa sita usiku uiweke kando kwanza, kaka. Kumpunguzia muda wa kulala mtu ambaye pumzi yake inakatika si jambo la kufanywa kwa maelekezo ya jukwaani. Daftari tu ndilo uanze nalo leo, na mwombe mkeo aandike upande wake.