Vijana wa parokia wanasoma Kurani na kuulizia masamva: niwaongoze vipi bila kuwapoteza?

Mlezi wa Kirumba
Tumsifu Yesu Kristo, wadau. Nalea vijana wa parokia hapa Mwanza, miaka 17 hadi 22, baadhi wako chuo pale Malimbe. Maswali yao yamehama kutoka "dhambi ni nini" hadi "kwa nini Ukristo na si kingine". Wanarushiana vipande vya mihadhara ya dini kwenye simu, wapo wanaosoma Kurani, na wapo wanaouliza kama babu zao waliotambikia masamva, yaani wazee waliotangulia, wamepotea. Viongozi wenzangu wanataka tupige marufuku. Naona tukifanya hivyo watasoma kwa kujificha. Naomba ushauri wa vitendo: waanzie wapi, na tukwepe makosa gani?

Katekista Buswelu
Milele amina. Usipige marufuku. Wasomee wenzako tamko la Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 28 Oktoba 1965: Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Wahindu, Wabudha, Waislamu na Wayahudi wametajwa waziwazi.

Tatizo lako kubwa ni hivyo vipande vya mihadhara. Dakika mbili, madai matano, na kijana hapati nafasi ya kukagua hata moja. Kwa hiyo kikao kimoja kiwe na dai moja. Liandikeni ubaoni kwa maneno ya aliyelisema, kisha mtafute: limetoka kwenye maandishi gani, ya mwaka gani?

Chukua lile la "Nikea, mwaka 325, ndiko walikochagua vitabu vya Biblia". Mtaguso ule uliitishwa hasa kwa sababu ya mafundisho ya padre Ario, aliyesema Mwana ameumbwa na Baba. Kanuni zake 20 zipo hadi leo, na hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo inaonekana kwenye barua ya Pasaka ya Athanasi wa Aleksandria, mwaka 367. Lakini usiishie hapo! Waambie pia kwamba Waebrania, 2 Petro na Ufunuo vilibishaniwa kwa muda mrefu. Mkiwaficha, watayakuta kwenye mhadhara unaofuata, na hapo hawatakuamini tena hata ukisema kweli.

Injili ya Barnaba, kitabu kisichomo kwenye Biblia, nayo itakuja tu. Nakala zake zinazojulikana ni za Kiitaliano na Kihispania. Ndani yake Yesu anasafiri kwa chombo cha majini hadi Nazareti, mji ulio milimani. Kijana anayejua kuwa Ukerewe unavuka kwa kivuko na Kwimba unakwenda kwa basi, hilo halihitaji mhadhara.

Abuu Mabatini
Amani kwenu. Mimi ni Mwislamu, naomba nichangie. Mkitaka kuijua Qur'ani, shikeni tarjama ya Mwislamu. Ya Kiswahili ya mwaka 1923 ni ya mmisionari, Godfrey Dale. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, 1969, ina maelezo yanayosaidia msomaji mgeni. Anzeni na sura ya 19, Maryam, aya 98, inatosha kikao kimoja. Kisha 3:42-59, kuhusu Maryam na Isa. Halafu 4:157 na 4:171, kuhusu kusulubiwa na Utatu. Hapo ndipo tunapoachana kweli, msipapite juu juu kwa kuoneana haya.

Na lile la "Waislamu wanaabudu mwezi" liacheni, someni 41:37, inayokataza kusujudia jua na mwezi.

Mkitaka kuja msikitini, muoneni imamu kwanza. Ijumaa mchana kunajaa, njooni siku nyingine baada ya adhuhuri. Viatu mlangoni, mabinti wajitande, msipite mbele ya anayeswali. Mnakaa nyuma na kutazama, hakuna atakayewalazimisha kurukuu. Maswali yaandikwe mapema, la sivyo msemaji mmoja atakula muda wote.

Ng'wana Kisesa
Kwenye masamva watu wengi wanavuruga. Mungu (Liwelelo, wengine husema Seba) ni jambo moja, masamva, yaani wazee waliotangulia, ni la pili, na bulogi, yaani uchawi, ni la tatu. Mfumu anatibu na kuagua, mlogi anadhuru. Ukivitia vyote kapu moja na kuviita ushetani, kijana aliyelelewa na bibi yake atajua hapohapo kuwa hujui unachosema.

Wapelekeni Bujora, pale Kisesa, barabara ya Musoma, kama kilomita 20 tu. Makumbusho yale ya Kisukuma yalianzishwa na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la kimisionari la White Fathers, na kanisa lake limejengwa kwa alama za Kisukuma. Kila kijana aingie na daftari na swali moja: hapa kanisa limechukua nini katika mila, limeacha nini, na kwa nini?

Kuhusu hatima ya mababu, fungueni Lumen Gentium, hati ya Mtaguso uleule wa Pili wa Vatikano, namba 16, pamoja na Warumi 2:14-15. Jibu lipo, na ni la upole kuliko wanavyodhani. Ila kutazama na kushiriki ni vitu viwili, asiende mtu kutambika "kwa kujaribu". Hata hekaluni kwa Wahindu mtapewa prasadi, vitamu vilivyokwisha kutolewa kwa miungu. Someni 1 Wakorintho 10:27-28 kabla ya kwenda, mkubaliane namna ya kukataa kwa adabu.

Mama Igoma
Mlezi, kabla ya vitabu, muulize kila mmoja faraghani: ukipata jibu, nini kitabadilika kwako? Utashangaa wangapi shida yao ni msiba au mchumba. Binti mwenye mchumba Mwislamu Nikea haimsaidii. Anahitaji kujua kuwa kanuni ya 1086 ya Sheria za Kanisa inadai kibali cha askofu kwa ndoa na asiyebatizwa, na kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali.

Wa miaka 17, wazazi waandike ruhusa kabla ya ziara.

Mlezi wa Kirumba
Asanteni sana. Limebaki moja: kuna anayesema haamini tena, lakini anataka kubaki kwaya.

Katekista Buswelu
Abaki. Asisukumwe kupokea komunyo kwa sababu ya macho ya watu, na asitangazwe. Mpe Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila jibu, na mpange siku ya kuizungumza mkiwa wawili tu.