Pete Postlethwaite: sura yake mnaijua wote, jina hamlijui. Inakera!

Wakuu, leo nimekuja na hasira. Atakayeona nimezidisha anisamehe, au apite kimya kimya.

Jana usiku nilikuwa na shemeji yangu sebuleni tunarudia filamu ya Inception. Ikafika pale tajiri yuko kitandani anakata roho, mwanawe pembeni. Shemeji akaruka: "Si yule mzee wa madinosaria huyu?" Sawa, ndiye. Jina lake? Hajui. Nikachukua simu, nikaingia kwenye programu ya filamu ninayoilipia kila mwezi kwa jasho langu, nikaandika jina lote herufi kwa herufi. Wakaniletea katuni za watoto! Wakati filamu zake nne zimo humo humo, nimezihesabu. Ukifungua moja moja unakuta majina matatu ya mastaa, halafu "na wengineo".

Na wengineo! Postlethwaite ndiye "wengineo"!

Huyu mtu kazaliwa Warrington, Uingereza, mwaka 1946. Kaanza na ualimu, akauacha, akaenda kusomea uigizaji Bristol. Miaka ya 1970 akawa jukwaani Everyman, ukumbi wa maigizo kule Liverpool, enzi moja na waigizaji akina Julie Walters na Bill Nighy. Wakala wake wa kwanza alimtaka abadilishe jina la ukoo kwa sababu halitamkiki. Akagoma. Nampenda kwa hilo tu, hata kama mimi mwenyewe nimejifunza kulitamka mwaka jana.

Sasa tuje kwenye dhuluma yenyewe. In the Name of the Father, 1993. Anacheza Giuseppe Conlon, mzee mgonjwa aliyefungwa kwa kesi ya mabomu asiyoyajua, akafa akiwa bado mfungwa. Kisa cha kweli hicho. Stelingi ni Daniel Day-Lewis, anapiga kelele, anapasua kila kitu. Baba mtu anaongea chini chini, lakini nakuapia macho yako hayatoki kwa yule baba. Na mjue kiumri wamepishana miaka 11 tu! Mtu wa miaka 47 kakaa pale kama mzee wa 70 na hakuna anayeshtuka. Wakamteua Oscar ya mwigizaji msaidizi, ikaenda kwa Tommy Lee Jones. Filamu ilikuwa na uteuzi mara saba, ikaondoka mikono mitupu.

Mwaka 1995 kaja The Usual Suspects, yeye ndiye mwanasheria Kobayashi. Mzungu mwenye jina la Kijapani na lafudhi isiyo na kwao. Jina lilikotoka sisemi, kuna watu humu hawajaiona. Oscar ya msaidizi ikaja kweli kwenye filamu hiyo, ila ikamwendea mwenzake.

Halafu hili linaniuma mimi kama Mswahili. The Lost World, ile ya dinosaria, 1997. Mwindaji anaitwa Roland Tembo. TEMBO, wakuu! Na kulikuwa na sehemu ya kumtambulisha, yuko baa Mombasa anamtandika mtalii mlevi aliyekuwa anamsumbua mhudumu. Wakaikata. Sinema ilipotoka kwenye majumba, Mombasa haimo, na mwindaji wetu anaibuka tu bila asili. Mwongozaji Spielberg mwenyewe alimwita mwigizaji bora duniani. Mzee akajibu kwa utani kwamba Spielberg alichosema hasa ni kuwa Pete anajiona mwigizaji bora duniani. Bora duniani, halafu unamkatia sehemu yake nzuri kuliko zote? Dinosaria wasingepungua hata mmoja.

Mwaka 2005 akaja mpaka huku kwetu, The Constant Gardener. Sehemu yake ni jangwani Sudan, ila walipigia Loiyangalani, Turkana. Anaonekana mwishoni, dakika chache, na ndiye anayeibeba siri yote ya dawa. Nikimtaja kwa watu wananiuliza, "Alikuwepo?"

Tatizo hata sisi tumo. Tumekulia kibanda umiza, tunajua vitu viwili, stelingi hafi na adui lazima apigwe. Wengine wote wasindikizaji. Nani anauliza jina la msindikizaji?

Mwaka 2010 anaumwa saratani, bado katoa Clash of the Titans, Inception na The Town. Kwenye The Town ni muuza maua jambazi, anapunguza miiba ya waridi huku anatoa vitisho kwa sauti ya kuagiza chai. Oscar wakamteua Jeremy Renner, yeye wakamruka. BAFTA, tuzo za filamu za kwao Uingereza, wakamteua, lakini alishafariki tarehe 2 Januari 2011, miaka 64. Na hata hiyo hakupewa.

Kuna atakayekuja hapa kusema "tuzo si kitu". Mkuu, kwanza nenda kaangalie Brassed Off, filamu ya bendi ya wachimba makaa, pale anapokataa kombe la bendi mbele ya ukumbi mzima wa Royal Albert Hall, mapafu yamejaa vumbi la makaa ya mawe. Ukimaliza, rudi tubishane.

Wale wa programu nimewaandikia asubuhi. Wamejibu: "Asante kwa maoni yako, Mteja." Hata mimi sina jina.