MREJESHO: Ile Volvo 240 ya Tabora nimeichukua

Wakuu, mie ndo yule niliyeuliza humu kama ninunue Volvo 240 steshenwagoni ya 1991 ya mzee mmoja wa Kanyenye, imetunzwa mpaka raha. Asanteni sana. Aliyesema nisiamini kilomita za dashibodi Mungu ambariki, tumeijaribu barabarani namba hazisogei kabisa, fundi kafungua kumbe kagia ka plastiki kanakozungusha hizo namba kameisha meno, mzee mwenyewe hakujua maskini, akashusha laki nne. Taimingi belti, ule mkanda wa injini unaofanya vali zifunguke kwa wakati wake, nimebadili kama mlivyosema. Kuagiza spea Dar kumefeli nusu, belti imekuja na basi ila kagia hakuna, kwa hiyo naandika kilomita kwenye daftari kama konda. Juzi nimeenda Nzega na kurudi, madumu ya asali nyuma, haijachemsha.